Kubadilisha Nyasi za Uani Riruta: Ng'oa Kwanza, Subiri, Ndipo Upande

Wakazi wengi wa Riruta walio na nyumba zenye ua wanaijua shida hii. Miaka michache iliyopita uwanja wa nyasi mbele ya nyumba ulipata jua kutwa. Kisha ploti ya jirani ikajengwa gorofa, na sasa nusu ya uwanja iko kivulini. Nyasi za Kikuyu zimekuwa ndefu, nyembamba na za manjano. Mapengo yametokea, sangari imeingia, na mvua ikinyesha matope yanafika mlangoni.

Mwenye nyumba anaamua kubadilisha. Anaenda kwa wauza miche wa kando ya barabara, ananunua magunia ya nyasi za Zimbabwe, anafyeka zile za zamani na kupandikiza mpya juu yake. Kwa mwezi mmoja uwanja unapendeza. Kufikia mwezi wa tatu nyasi za Kikuyu zimerudi katikati ya zile mpya, na hakuna anayeweza kuzitenganisha. Pesa zimekwenda, na maji yaliyonunuliwa kwa mtungi yamekwenda pia.

Somo hili linaeleza jinsi ya kuepuka hasara hiyo. Sehemu kubwa ya kazi hufanyika kabla ya kupanda, na anayeiharakisha huifanya mara mbili.

Zifahamu nyasi ulizo nazo

Nyasi za Kikuyu ni za kwetu. Asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki, na jina walilopewa na wageni linatokana na eneo la Kikuyu, lililo karibu tu na Riruta. Jina la kitaalamu, lililochapishwa mwaka wa 1903 na Mwitaliano Emilio Chiovenda, lina neno la Kilatini lenye maana ya "iliyofichika", kwa sababu maua yake hujificha ndani ya majani na ni vigumu kuyaona. Kutoka huku zilipelekwa Afrika Kusini, Australia, Marekani na kwingineko kwa ajili ya malisho na viwanja vya michezo. Leo Marekani imeziorodhesha miongoni mwa magugu hatari, kwa sababu zikishashika ardhi ni kazi ngumu kuziondoa.

Sababu ni namna zinavyoenea. Zina mashina yanayotambaa juu ya ardhi, na mengine meupe na manene yanayopita chini ya udongo. Kila shina lina vifundo, na kila kifundo kinaweza kutoa mizizi na chipukizi. Ukikata shina moja vipande kumi kwa jembe na kuviacha udongoni, umepanda nyasi kumi. Ndiyo maana kufyeka au kulima juujuu hakuziui. Isitoshe, mbegu zake zinaweza kukaa udongoni na kuota baadaye.

Sangari ni nyasi nyingine. Majani yake ni membamba, na mashina yake ya chini ni magumu kama waya na hushuka ndani zaidi. Huingia kwa urahisi pale nyasi za Kikuyu zinapodhoofika. Kabla ya kuanza kazi, chimba mashimo mawili au matatu ya kina cha jembe uone ni ipi uliyo nayo. Ukikuta sangari, jiandae kuchimba zaidi.

Je, ni lazima kubadilisha?

Si kila uwanja mbaya unahitaji nyasi mpya. Nyasi za Kikuyu zinazopata jua la kutosha mara nyingi hufufuka zikipewa samadi, zikikatwa kwa kiasi na zikipumzishwa kukanyagwa. Kuzifufua ni rahisi kuliko kuzing'oa. Jambo la kupima kwanza ni jua.

Weka vijiti vinne au vitano sehemu mbalimbali za uwanja. Siku isiyo na mawingu, viangalie saa tatu asubuhi, saa sita mchana na saa tisa alasiri, uandike ni vipi viko juani. Kijiti kilicho juani mara zote tatu kiko mahali pazuri kwa nyasi za Kikuyu. Kilicho juani mara moja tu, au kisichopata jua kabisa, kiko mahali ambapo nyasi hizo zitaendelea kudhoofika hata ukizimwagilia kila siku.

Kumbuka pia kwamba kivuli huhama. Nairobi iko kusini kidogo mwa Ikweta. Mwezi wa Juni jua la mchana huwa upande wa kaskazini, na Desemba huwa upande wa kusini. Jengo lililo kaskazini mwa ua wako litakuletea kivuli Juni, wakati wa baridi. Lililo kusini litakiweka Desemba. Gorofa yenye urefu wa mita 15 hutupa kivuli cha mita 6 hadi 7 saa sita mchana katika miezi hiyo, na asubuhi na jioni kivuli huwa kirefu zaidi. Uwanja uliopimwa Desemba pekee unaweza kukudanganya.

Kama wewe ni mpangaji, zungumza na mwenye nyumba kabla ya kuchimba.

Kuchagua nyasi mpya

Nyasi za Zimbabwe hupendwa Nairobi kwa sababu zina majani mapana, hutambaa chini bila kurefuka sana, na hazihitaji kukatwa mara kwa mara. Wauzaji huzisifu kwamba huvumilia kivuli cha kiasi na ukame. Nyasi za Pemba, ambazo asili yake ni pwani ya Bahari ya Hindi, nazo zina majani mapana na huvumilia kivuli, ila baridi ya Juni na Julai hupunguza kasi yake.

Usinunue kwa sifa pekee. Nunua kiasi kidogo, pandikiza mita moja ya mraba katika sehemu yenye kivuli kibaya zaidi, uangalie kwa miezi miwili au mitatu. Zikishindwa hapo, umepoteza kidogo. Zikifaulu, kipande hicho kitakupa sehemu ya miche ya kupanda kwingine.

Unaponunua, fungua gunia. Mashina yawe ya kijani na mizizi iwe na unyevu. Gunia lililochomwa na jua au linalonuka kuoza halitashika. Chambua pia kama kuna vipande vya sangari au nyasi za Kikuyu ndani yake. Kipande kimoja kinatosha kukurudisha mwanzo.

Mahali ambapo jua halifiki kabisa, hakuna nyasi zitakazokufurahisha. Panda maua ya kivulini, au tandaza kokoto au matandazo ya mbao. Kuweka cabro ua mzima kuwe suluhisho la mwisho, kwa sababu maji ya mvua yatakosa pa kuzama na yatakimbilia barabarani au kwa jirani aliye chini yako. Nairobi iliona madhara ya maji yasiyo na njia wakati wa mafuriko ya mvua ya masika ya 2024.

Ratiba ya mwaka

Makao makuu ya Idara ya Utabiri wa Hali ya Anga yako Dagoretti Corner, jirani kabisa na Riruta, na utabiri wake wa kila msimu hutangazwa kwa umma. Utumie. Kwa kawaida Nairobi hupata mvua ya masika kati ya Machi na Mei, na mvua ya vuli kati ya Oktoba na Desemba. Ua nyasi za zamani wakati wa kiangazi, upande mpya mvua ikishashika.

Januari: Acha kumwagilia. Fyeka nyasi hadi chini kabisa.

Februari: Chimba na uondoe mashina. Jua kali la mwezi huu hukausha yaliyobaki juu.

Machi: Mvua ya kwanza ikinyesha, usipande. Acha mabaki yachipue, uyang'oe.

Aprili: Panda, udongo ukiwa umelowa.

Atakayekosa msimu huu afanye maandalizi Agosti na Septemba, kisha apande mwishoni mwa Oktoba au Novemba. Epuka kupanda Juni na Julai. Baridi na mawingu ya miezi hiyo hufanya nyasi zikae bila kukua huku magugu yakitangulia.

Hatua za kung'oa

1. Tafuta bomba la maji. Mabomba mengi ya plastiki katika ploti zetu hayakufukiwa kwa kina. Fuata mstari kutoka kwenye mita hadi nyumbani, uuwekee alama, na hapo uchimbe kwa mkono.

2. Gawanya uwanja. Kama ua wako una mteremko, usiufungue wote kwa mara moja. Udongo mwekundu wa Riruta ukiachwa uchi husombwa na mvua kubwa ya kwanza. Fanya ukanda mmoja unaokata mteremko, uupande ushike, kisha uende ukanda unaofuata msimu mwingine.

3. Chimba kwa jembe la meno, si la bapa. Jembe la bapa hukata mashina vipande. La meno huyainua yakiwa marefu. Nenda kina cha sentimita 15 kwa nyasi za Kikuyu, na zaidi kwa sangari. Inua bonge, likung'ute, vuta mashina kwa mkono.

4. Anika ulichotoa. Kitandaze juu ya saruji au mabati hadi mashina yavunjike ukiyakunja. Yakishakauka hivyo yanaweza kuingia kwenye shimo la mboji. Majani mabichi uliyofyeka mwanzoni ni lishe nzuri ya ng'ombe na sungura, na wafugaji wengi wa Dagoretti watayapokea, mradi hayajapuliziwa dawa. Usitupe nyasi kwenye mtaro wala mtoni. Zitashika mizizi hapo, zizibe maji.

5. Lainisha kwa reki, kisha subiri. Hatua hii ndiyo wengi huiruka. Mvua inyeshe, au mwagilia kidogo sehemu tupu, uone kinachoota. Ndani ya wiki mbili au tatu utaona ncha za kijani. Zing'oe na shina lake lote, si jani tu. Rudia. Panda pale tu wiki mbili zikipita, udongo ukiwa na unyevu, bila chipukizi lolote la Kikuyu wala sangari.

Asiyeweza kuchimba, kwa sababu ya umri au afya, anaweza kufunika. Fyeka chini kabisa, tandaza karatasi nzito ya nailoni nyeusi, fukia kingo zake kwa udongo ili mwanga usiingie, uache kwa miezi miwili au mitatu ya joto. Nyasi zisizoona mwanga humaliza akiba yake. Hata hivyo mashina ya chini zaidi yanaweza kunusurika, kwa hiyo hatua ya kusubiri na kung'oa bado inahitajika.

Kuhusu dawa za kuua magugu: katika ua mdogo wenye watoto, kuku au kisima, mkono na jembe ni salama zaidi. Anayeamua kutumia dawa anunue iliyosajiliwa na PCPB, bodi ya serikali inayosimamia dawa za aina hii, kutoka duka lenye leseni. Asome maelezo yote ya kibandiko, avae glavu na buti, asipulize wakati wa upepo, na awaweke watoto na mifugo mbali kwa muda ulioandikwa. Kamwe usimwage oili chafu ya gari, dizeli au chumvi. Vitaua nyasi, lakini vitaharibu pia udongo unaotaka kupandia, na mvua itavipeleka kwenye mto.

Kupanda

Tuchukue uwanja wa mita 6 kwa mita 5, yaani mita 30 za mraba.

Samadi iliyooza vizuri itandazwe unene wa sentimita 2, ichanganywe na udongo wa juu. Hiyo ni sehemu ya kumi sita ya mita ya ujazo, karibu mikokoteni 10 ya mkono inayobeba lita 60 kila mmoja. Samadi mbichi usiitumie: huunguza mizizi na huja na mbegu za magugu. Anayetaka kujua hali ya udongo wake anaweza kupeleka sampuli upimwe katika maabara za KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, zilizoko Kabete.

Kata nyasi mpya ziwe vishina vyenye vifundo viwili au vitatu na mizizi. Panda kwa umbali wa sentimita 15 kila upande. Katika kila mita ya mraba vitaingia vishina 44 hivi, na uwanja wetu utahitaji takriban 1,300. Ukipunguza umbali hadi sentimita 10, utahitaji 3,000. Uwanja utafunika mapema, lakini gharama itazidi mara mbili. Hesabu hii ifanye kabla ya kwenda kwa muuzaji, kisha hesabu vishina vya gunia moja kabla ya kuagiza mengine.

Fukia kifundo kimoja, acha majani nje, kanyaga taratibu. Funga njia ya watoto na mbwa kwa kamba hadi nyasi zishikane.

Upande wa jirani mwenye nyasi za Kikuyu, fukia kipande cha bati kuukuu au mawe kwa kina cha sentimita 20 kwenye mpaka, au kata ukingo kwa panga kila wiki mbili. Zungumza naye kwanza. Mpaka ni wenu wawili.

Hesabu ya maji

Milimita moja ya maji kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Tukichukua milimita 5 kwa siku kwa nyasi zinazoanza kushika mizizi, uwanja wa mita 30 za mraba unahitaji lita 150 kila siku, yaani mitungi saba na nusu ya lita 20. Kwa wiki mbili ni lita 2,100, mitungi 105.

Wakazi wa Riruta wanaishi kwa ratiba ya mgao wa maji inayotolewa na Kampuni ya Maji na Majitaka ya Jiji la Nairobi. Maji hayo ni ya kunywa, kupika na kufua. Anayepanda kiangazi atamaliza tangi la lita 1,000 kwa wiki moja, au atamlipa mchuuzi wa maji kila siku. Anayepanda Aprili atapata sehemu kubwa ya maji hayo bure: mvua moja ya milimita 10 huuletea uwanja huo lita 300, sawa na mitungi 15. Mvua hiyohiyo ikinyesha juu ya paa la mabati la mita 50 za mraba huleta karibu lita 500. Mfereji wa paa na pipa lenye kifuniko vitakusaidia siku ambazo mvua itakatika.

Maji yaliyotumika kusuuza mboga au nguo bila sabuni nyingi yanaweza kumwagwa kwenye nyasi. Mwagilia asubuhi mapema au jioni, si mchana.

Miezi sita ya kwanza

Pita uwanjani kila Jumamosi ukiwa na kisu. Kila chipukizi la Kikuyu unaloliona, fuata shina lake hadi mwisho ulitoe lote. Wakati nyasi mpya hazijafunika, kazi hii inaweza kuisha kwa nusu saa. Ukiiacha hadi zishikane, utalazimika kuchimba tena. Usikate nyasi mpya hadi zifunike sehemu kubwa ya ardhi, na mara ya kwanza kata ncha tu. Mashine au slasha iliyotumika kwenye uwanja wa Kikuyu ioshwe kwanza, kwa maana vipande vya mashina husafiri navyo.

Jipime kabla ya kutoa pesa

Je, umepima jua sehemu zote za uwanja? Umeangalia kama una Kikuyu au sangari? Umejaribu nyasi mpya katika mita moja ya mraba? Wiki mbili zimepita bila chipukizi? Utabiri wa msimu unasema mvua ipo? Kama jibu la swali lolote ni hapana, subiri. Nyasi za Kikuyu zimekaa katika ardhi hii kabla ya nyumba zetu, na msimu mmoja wa subira ni bei ndogo kuliko kupanda mara mbili.

Kwa ushauri zaidi, mwone afisa wa kilimo wa kaunti anayehudumu katika wadi yako. Mpelekee kishina cha nyasi ulizo nazo, chenye mizizi, na karatasi uliyoandikia vipimo vya jua.